Kikombe cha Kumi

4 Machi, Jumatatu

Mke wangu kaninunulia daftari hili. Anasema hadithi zangu za darasani kazisikiliza miaka ishirini na mbili akiwa amesimama jikoni, sasa miguu imechoka, niziambie karatasi. Haya, karatasi, kaa tuongee.

Muhula umeanza. Nimepewa tena kundi la pili la ufinyanzi, wanafunzi kumi na mmoja. Wote wamemaliza mwaka wa kwanza na wote wanajiona mafundi. Wanajua kukanda udongo, wanajua kuuweka katikati ya gurudumu, wanajua kuvuta ukuta ukapanda bila kuanguka. Nimewapa sheria zangu mbili kama kila mwaka. Ya kwanza: vikombe tisa vya mwanzo vinakatwa. Ukimaliza kufinyanga tu, unachukua waya, unakipasua kikombe toka mdomoni hadi kitakoni, tunatazama unene wa ukuta, kisha nusu zote mbili zinarudi kwenye ndoo. Cha kumi ndicho chako. Ya pili: ukiharibu kazi ya mwenzako, hata kwa bahati mbaya, pole haitoshi. Utamkandia udongo wake wiki nzima.

Mvulana mmoja mrefu, mdomo wake haujui kufungwa, akauliza, "Na mwalimu akiharibu?"

"Mwalimu haharibu," nikamjibu. Wakacheka, nami nikacheka nao.

6 Machi, Jumatano

Mvua imeanza. Paa la karakana linavuja palepale pa mwaka jana. Mkuu wa shule ameahidi fundi, kama mwaka jana.

8 Machi, Ijumaa

Leo waya umefanya kazi. Yule mrefu kapasua kikombe chake kakunja uso, ananyoosha kiganja kwa jirani yake: "Mkasi! Pamba! Mgonjwa anatutoka!" Wenzake wamembatiza Daktari, na mimi nimempa usimamizi wa ndoo ya mabaki ili apate pa kupeleka hizo nguvu. Kazi yake ni kuhakikisha kila nusu inarudi.

Kuna msichana anakaa karibu na dirisha. Hasemi. Sare yake imenyooshwa mpaka mikunjo ya sketi inaweza kukukata. Kikombe chake kilikuwa na ukuta mwembamba, sawasawa toka juu hadi chini, ukuta ambao wengine wataupata mwaka kesho wakijaliwa. Halafu kitako: unene wa vidole viwili! Nikakiinua wote wakione. "Binti yangu, hiki ni kikombe au tofali?" Darasa zima likaangua kicheko. Kufika mapumziko walikuwa wanamwita Tofali. Yeye akaweka nusu zake kwenye ndoo, akanawa mikono, akaenda zake.

11 Machi, Jumatatu

Mvua. Tofali tena kaleta kitako cha vidole viwili.

13 Machi, Jumatano

Mvua. Vidole viwili.

15 Machi, Ijumaa

Nimepandwa na hasira. Nimemwambia mbele ya watu kwamba udongo ule wa kitakoni ungetosha kikombe kingine. Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Nikamuuliza anasikia au anaitikia tu. Akasema, "Nasikia, mwalimu." Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kama mwenye kukitumia anataka kizito?" Nikamkata kauli. Nimemwambia mimi sijali kikombe ni cha nani, najali ukuta.

Nimemsimulia mke wangu wakati wa kula. Yeye ni muuguzi wa wadi ya wanaume, hakuna ukaidi asioujua. Akasema, "Mtu anayeweza kuvuta ukuta hivyo, kitako kinamshindaje?" Nikamwambia ndiyo maana nasema ni mkaidi. Akanitazama, akaendelea kula.

20 Machi, Jumatano

Kikombe cha sita, kitako kilekile. Nimemwambia akirudia tena namrudisha mwaka wa kwanza akakande na watoto. Machozi yakamlengalenga lakini hayakuanguka. Sikujisikia vizuri njiani. Mvua imeninyeshea hadi soksi, nikaona nimestahili.

22 Machi, Ijumaa

Daktari kaja mezani kwangu kaninong'oneza, yeye ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. "Mwalimu, ndoo haijatimia. Nusu moja ya Tofali haipo. Na juzi pia haikuwepo."

Nilimwita msichana nje, tukasimama chini ya upenu. Maji yalikuwa yanaporomoka mbele yetu hata ikabidi tupaze sauti. Nikamwambia afungue begi. Kati ya madaftari kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani yake nusu ya kikombe, mbichi bado, imefunikwa kitambaa chenye unyevu kama mtoto mchanga.

"Unaiba udongo?"

"Siibi, mwalimu. Naazima. Cha juzi nimekirudisha asubuhi, muulize Daktari."

"Nusu kikombe unaifanyia nini?"

Nikamsubiri, kazi ambayo siiwezi.

"Namjaribishia baba," akasema.

Ndipo nikaambiwa. Baba yake ni fundi cherehani. Mwaka jana mwishoni kiharusi kilimpiga akiwa mezani anakata suruali ya mtu, kikamchukua mkono wa kulia, mguu, na karibu maneno yote. Mkono wa kushoto upo lakini unatetemeka. Kikombe cha kawaida akikishika kinapinduka. Hospitali wakampa kikombe cha plastiki chenye mdomo kama cha mtoto wa chekechea, alikirusha ukutani. "Kwa mkono wa kushoto," msichana akasema, na nikaona kwamba hilo analijivunia. Tangu siku hiyo hanywi mpaka anywishwe kwa kijiko, na akinywishwa anafumba macho.

Wako wawili tu pale nyumbani. Shangazi yake amepiga simu: shule ikifungwa, Jumamosi ya tarehe ishirini na tano Mei, anakuja. Akimkuta kaka yake bado analishwa kama kichanga, anaondoka naye kwenda kumtunza kwake, mji mwingine, na mtoto atapelekwa bweni.

"Shangazi si mbaya, mwalimu. Anampenda baba. Lakini baba akitolewa pale hatarudi tena, najua. Cherehani yake iko dirishani. Kila asubuhi ananionyesha kwa kidole niifute vumbi."

Kwa hiyo anatafuta kikombe kizito chini ili kisipinduke, chepesi juu ili kiinuke, na kionekane kikombe cha mtu mzima. Amekuwa akikitafuta tangu siku ya kwanza, na mimi nimekuwa nikikikata.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema hujali kikombe ni cha nani."

Nilisema, ndiyo. Kisha nikamwambia achukue nusu zote mbili.

23 Machi, Jumamosi

Mke wangu hakuniambia "nilikwambia". Angeniambia ingekuwa nafuu.

27 Machi, Jumatano

Mke wangu amefundisha darasa langu kwa mdomo wangu. Kasema kishikio kiwe cha vidole vyote vinne, si viwili, na kidole gumba kipate pa kulala. Juzi nikampa msichana bonge la udongo mbichi apeleke nyumbani, baba yake alibane mara moja kwa mkono wa kushoto, basi.

Leo kalirudisha. Vidole vinne vimezama, na alama ya gumba juu, yenye kina kuliko zote. Darasa zima lilitaka kuliona. Niliwaeleza kwa kifupi, kwa ruhusa yake. Daktari akatia vidole vyake kwenye zile alama, akasema, "Fundi ana mkono mkubwa." Hakutania.

Nimetangaza pia kwamba jina la Tofali nililianzisha mimi na nalifuta mimi. Msichana akasema, "Liache tu, mwalimu. Baba nilipomwambia alicheka." Amecheka mara moja tangu augue, na ni kwa ajili ya hilo.

12 Aprili, Ijumaa

Kikombe cha kumi. Amekifinyanga kimya, kitako cha vidole viwili, ukuta kama ganda la yai, na kishikio kilichofuata lile bonge alama kwa alama. Hakuna aliyegusa waya. Nimekiweka mwenyewe kwenye rafu ya juu.

Sasa kazi ni kukauka. Kitako kama kile kinataka mwezi mzima katika hali hii. Unyevu ukibaki ndani, tanuri likipata moto yale maji yanageuka mvuke, mvuke hauna pa kutokea, na chombo kinapasuka. Hii nafundisha wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza.

17 Aprili

Mvua.

19 Aprili

Mvua. Kila siku anafika, anakiweka shavuni jinsi nilivyowafundisha. Kikiwa baridi, kina maji. Kila siku baridi.

24 Aprili

Baridi.

2 Mei, Alhamisi

Jua! Tumetoa vyombo vyote nje. Tofali amekaa navyo uani mapumziko yote kama mlinzi. "Kesho, mwalimu?" Nikasema tutaona. "Nikiwa nacho mapema, baba atapata siku za kujizoeza." Nikasema kesho.

3 Mei, Ijumaa

Nimewasha tanuri saa sita mchana. Vyombo vyote vimo.

6 Mei, Jumatatu

Naandika hili polepole kwa sababu nataka liwe sahihi.

Tulifungua tanuri wote kumi na wawili, kama kawaida. Niliuona mlango wa tanuri una vumbi la vipande, nikajua kabla sijainama. Kikombe chake hakikuwepo. Kulikuwa na kishikio, kizima, kimelala peke yake kwenye rafu. Kitako kilikuwa kimelipuka vipande vidogo vidogo, na vipande vimeruka: bakuli la Daktari limekatika mdomo, na kazi za wengine watatu zimetoboka.

Kisha mmoja akasema, bila ubaya, "Ni kile kitako."

Tofali akakichukua kishikio, akakitia mfukoni mwa sketi. Akageukia wenzake, akasema, "Samahanini. Nitawakandia. Wote wanne." Daktari akamwambia achana na hilo, Tofali akasema, "Sheria ni sheria." Akavaa aproni, akaenda kwenye ndoo, akaanza kukanda palepale, akinipa mgongo.

Na mimi? Nilifagia. Nilifagia tanuri kama mtu aliyeajiriwa kufagia, sikusema neno.

Ukweli ni huu, karatasi. Ijumaa asubuhi nilikiweka kile kikombe shavuni. Kilikuwa baridi. Nilijiambia ni baridi ya asubuhi. Na chombo chenye shaka unaweza kukiokoa: unawasha moto mdogo, unaacha mlango wazi kidogo siku nzima, maji yatoke taratibu. Niliacha mlango wazi kwa saa mbili tu. Saa nane nikaufunga, nikapandisha moto, nikaenda nyumbani, kwa sababu jioni ile kulikuwa na fainali kwenye televisheni na sikutaka kukosa mwanzo. Timu yenyewe ilifungwa.

Nimemwambia mke wangu tanuri limeharibu. Akauliza, "Tanuri linajiwasha?"

7 Mei, Jumanne

Chakula hakipiti.

8 Mei, Jumatano

Nilipoingia, Tofali alikuwa tayari anakanda. Alikuwa amefika nusu saa kabla ya kengele, na mabonge saba yamepangwa mezani kwa usafi. Nikaona viwiko vyake vidogo vinavyopanda na kushuka, nikashindwa hata kuvua koti.

Nikawaambia wasimame. Nikawaambia yote: shavu, baridi, saa mbili badala ya siku nzima, mpira. Nilisema kitako hakikuwa na kosa, kilitaka mtu wa kukisubiri tu. Nilimwambia Tofali nimekuharibia kitu ambacho wewe na baba yako mlikuwa mnakitegemea, nimekaa siku mbili nikikuangalia unalipa deni langu, na naomba unisamehe.

Nasikia paa linadondosha tone, tone, kwenye beseni.

Daktari akainua mkono. "Mwalimu, ni nani alifunga goli?"

Wakacheka mpaka wakashika tumbo, hata yeye Tofali, huku machozi yanamtoka. Kisha akavua aproni yake, akanishikisha. "Tulioharibiwa tuko watano, mwalimu," akasema. "Wiki nzima."

Aproni ilikuwa fupi. Nimekanda.

9 Mei, Alhamisi

Mgongo! Mke wangu kanichua kwa dawa huku anacheka peke yake. "Mwalimu haharibu," anasema, anachua, "mwalimu haharibu." Nimemwambia anaumiza. Kasema anajua.

Lakini usingizi niliupata. Tatizo halijaondoka: zimebaki siku kumi na sita shangazi aje, na kitako kizito hakikauki kwa siku kumi na sita. Nimezihesabu kila namna.

10 Mei, Ijumaa

Tofali kaingia mbio, kitu ambacho sijawahi kukiona.

"Mwalimu! Pindo!"

"Pindo gani?"

Akashika pumzi. Jana alimweleza baba yake kila kitu, kikombe kilivyolipuka, na kwamba kizito hakitawahi kukauka. Baba akasikiliza, akafumba macho, binti akamdhania kachoka. Kisha akasema, "Pindo." Akarudia, "Pindo," na kunyoosha kidole dirishani, kwenye cherehani, kisha kwenye pazia lililo juu yake.

"Akishona mapazia ya watu," msichana akasema, "lazima pazia liwe jepesi, lakini lisipeperuke. Anashona vifuko vidogo vya mchanga ndani ya pindo la chini. Kwa nje huoni."

Niliketi. Miaka ishirini na mbili ya ufinyanzi, na jibu limetoka kwa mtu wa kitambaa ambaye hana maneno kumi. Kitako kiwe kitupu ndani! Sakafu mbili nyembamba, moja juu ya nyingine, uwazi katikati, na tundu dogo chini la kutolea hewa na unyevu. Kila mahali pembamba, kwa hiyo kinakauka kwa wiki. Kikishachomwa mara zote mbili, kabla ya rangi na baada yake, unajaza mchanga mkavu kwa lile tundu na kuziba kwa gundi.

Alifinyanga vitatu kwa tahadhari. Kimoja tulikikata kwa waya, yeye mwenyewe ndiye aliyetaka, ili aone ndani. Ukuta, sakafu, uwazi, kitako, vyote vyembamba sawasawa. Niliwaita wote waje waone. Nikasema tu, "Angalieni."

17 Mei, Ijumaa

Tumeviweka shavuni, kila mtu kwa zamu, mashavu kumi na mawili. Vuguvugu. Moto mdogo, mlango wazi, kutwa nzima. Nimekaa kwenye kigoda mbele ya tanuri, mke wangu kaniletea chakula kwenye bakuli. Akauliza kama leo hakuna mpira. Hakuna, nikamwambia, na hata ungekuwepo nisingetoka hapa.

20 Mei, Jumatatu

Vizima vyote! Daktari kapiga mbinja hadi mkuu wa shule akaja mbio.

Kimoja amekipaka rangi ya samawati iliyokoza. Nilimuuliza kwa nini ile. "Ndiyo rangi ya suruali alizozipenda kushona."

23 Mei, Alhamisi

Moto wa pili umepita salama. Tumejaza mchanga kwa faneli ya karatasi, Daktari ameshika kikombe kichwa chini akisema "mgonjwa anaendelea vizuri". Tumeziba. Ukikisukuma kwa kidole kinayumba, kinarudi kusimama. Tofali amekisukuma labda mara thelathini.

25 Mei, Jumamosi

Tulialikwa chai, mimi na mke wangu. Chumba kidogo, safi, cherehani dirishani imefutwa inang'aa. Fundi alikuwa ameketishwa kwenye kiti chenye mikono, shati jeupe limenyooshwa, mtu mkubwa kuliko nilivyomdhania. Shangazi alikuwa ameshafika, begi bado lipo miguuni pake, tayari ana leso mkononi ya kumfutia kaka yake mdomo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia ndani ya gari njia nzima. Alitusalimia kwa heshima, akasema ameshampangia chumba cha mbele, chenye jua. Nilimwonea huruma yeye pia.

Tofali akamimina chai. Akamwekea baba yake kikombe cha samawati upande wa kushoto, akarudi kukaa, mikono kaikalia.

Shangazi akachukua kijiko. "Ngoja nimsaidie."

"Shangazi, tafadhali," msichana akasema. "Kaa kidogo."

Fundi alikitazama kikombe. Kwanza alipitisha kidole kwenye ukingo wa kitako, taratibu, kuzunguka, kama mtu anayekagua kazi ya mwanafunzi wake. Akafika mwisho, akatikisa kichwa kukubali. Kisha vidole vinne vikaingia mahali pake na gumba likalala pale lilipoandaliwa. Mkono ukaanza kutetemeka. Kikombe kikainuka, kikayumba, chai ikaruka ukingoni, ikamwagikia kifuani. Shangazi akanyanyuka na leso yake. Mke wangu akamshika mkono kwa upole, akamrudisha kitini bila kumwambia kitu.

Alikunywa. Macho wazi, akitutazama mmoja mmoja. Tulisikia akimeza. Akakishusha, kikagonga meza, kikapepesuka, kikasimama.

Tofali alikuwa ameuma mdomo. Fundi akavuta pumzi, akalitafuta neno, tukaona analitafuta, uso mzima unafanya kazi. Kisha akakisukuma kikombe kwa kidole kuelekea kwa dada yake.

"Ongeza," akasema.

Shangazi akaweka leso chini, akachukua birika kwa mikono miwili, akamiminia kaka yake hadi juu. Shati lilikuwa limelowa kifuani, na hakuna aliyelifuta.